Nyasi Mbichi Kwenye Lango la Kisima

Katika kijiji cha Kwemkole, upande wa Handeni, jogoo hawakuwa na kazi kubwa. Kabla hawajawika, mpini wa pampu ya mkono ulikuwa umeshaanza kulia kule kisimani, kwii-kwa, kwii-kwa, na kila mama aliyeusikia alimwamsha binti yake. Mwanaidi aliamshwa hivyo kila siku. Alijifunga khanga, akaweka ngata kichwani, akachukua ndoo na kwenda zake huku macho yakiwa bado yanadai usingizi.

Kisima kilikuwa upande wa kusini wa kijiji, na shule ilikuwa upande wa kaskazini. Nyumba ya akina Mwanaidi ilikuwa katikati. Kwa hiyo alikwenda kusini, akarudi nyumbani, akanawa uso, akavaa sare, kisha akakimbia kaskazini. Mara nyingi alipofika darasa la sita, somo la hisabati lilikuwa limeshafika katikati, na hisabati ndilo somo alilolipenda kuliko yote. Mwalimu alimwonyesha kiti kwa chaki, naye alikaa karibu na rafiki yake Nailantei, akanong'ona, "Mmefika wapi?"

Nailantei, binti wa wafugaji wa Kimasai waliokaa ng'ambo ya korongo, alimsogezea daftari lake bila kuulizwa mara mbili.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wa biashara huria. Mabasi ya watu binafsi yalikuwa yameanza kupita kijijini yakitoka Korogwe, yakipiga honi utadhani yamebeba bibi harusi. Dukani kulikuwa na sabuni za kila rangi, redio za betri, na marobota ya mitumba yaliyofunguliwa siku za gulio. Vitu vilijaa kweli, lakini maji hayakuletwa na basi wala hayakuuzwa dukani. Maji yalitoka kwenye pampu ile moja, na pampu ile ilitunzwa na kamati.

Hapo ndipo Mwanaidi alipokuwa na ugomvi wake. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa mama yake mzazi, Mwanaisha, na kila kamati ilipokutana, Mwanaidi ndiye aliyebaki kusonga ugali na kumbembeleza mdogo wake, Awadhi.

"Mama, kikao tena?" aliuliza siku moja.

"Tena."

"Si juzi tu mlikaa?"

"Juzi tulizungumzia mfereji. Leo tunazungumzia lango."

"Lango nalo lina mazungumzo? Serikali si ipo, mama? Si ije ifanye?"

Mama Mwanaisha alicheka, akakaa kwenye kigoda huku akifunga kilemba chake. "Halmashauri iko Handeni mjini, mwanangu, na ina vijiji vingi mno. Imetuchimbia kisima, tunashukuru. Lakini haiwezi kuja kulala hapa ili ijue nani kaacha lango wazi na nani kapeleka ng'ombe mahali pa kuteka maji. Hayo ni yetu. Sisi tunakaa, tunaona, tunaamua, na tukishindwa tunapeleka kwenye kamati ya kata, na kata inapeleka halmashauri. Wewe ulikuwa mdogo. Hukuona watu walivyokuwa wakipigana fimbo kule lamboni, wakulima na wafugaji, kila kiangazi."

Mwanaidi hakuona, lakini alikuwa amesikia. Kabla ya kisima kirefu, kijiji kizima kilikunywa maji ya lambo, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mbuzi, ng'ombe na watu waliyagombea pamoja. Kamati ndiyo iliyomaliza fimbo. Ilikuwa na wanawake na wanaume, Wazigua na Wamasai, na ilikubaliana jambo moja la msingi: watu wateke ndani ya ua wa miiba, na maji yanayomwagika yapite kwenye mfereji hadi birika la chini, ambako mifugo ingekunywa. Ua ulikuwa na lango la fito, na lango lilikuwa na kamba. Sheria yake ilikuwa fupi: atakayetoka mwisho, afunge.

Kamati ile ilikuwa na jambo jingine ambalo watoto walilipenda sana. Siku za mwanzo, wajumbe walikuwa wakisema wote kwa pamoja mpaka madirisha yanatetemeka. Ndipo Mzee Loishiye, baba yake Nailantei, ambaye alikuwa makamu mwenyekiti, akasema kwamba kwao mtu hasimami kuzungumza bila rungu mkononi, na mwenye rungu akisema, wengine husikiliza. Kamati haikuwa na rungu. Ilikuwa na spana ya kufungulia pampu, chuma kirefu kizito. Tangu siku hiyo mwenye spana ndiye aliyesema, na kwa kuwa spana ilichosha mkono, hakuna aliyesema maneno mengi kupita kiasi. Mama Mwanaisha alisema ndiyo dawa bora kuliko zote alizowahi kuona za kutibu wazungumzaji.

Siku moja diwani wa kata, Bwana Mdoe, alipita na baiskeli yake akaleta habari iliyomfanya Mwanaidi ashindwe kumaliza uji. Halmashauri ilikuwa na pampu chache za kugawa, na vijiji vilivyoomba vilikuwa vingi. Kamati ya maji ya madiwani ingechagua vile vijiji vilivyoweza kutunza kisima cha kwanza kwa amani.

"Mkipata, tutaiweka hapa pembeni ya shule," diwani alisema. "Ijumaa baada ya swala nitakuja kukaa kwenye kikao chenu. Nitasikiliza tu, kisha nitapeleka maneno yangu Handeni."

Pembeni ya shule! Mwanaidi alijiona akiteka maji hatua chache tu kutoka darasani, ndoo ikienda nyumbani na yeye akirudi kabla ya kengele, akikaa kitini tangu mstari wa kwanza wa hisabati. Hakupata kutaka kitu chochote namna hiyo maishani mwake.

Jumatatu ya wiki ile Mama Mwanaisha alipanda basi kwenda Korogwe kununua vipuri vya ngozi vya pampu. Nyumbani alibaki Bibi Kudra, mama yake baba, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa. Asubuhi hiyo Mwanaidi alichelewa kuamka. Alipofika kisimani, wenzake walikuwa wameshaondoka. Alipampu mwenyewe mpaka mikono ikamuuma, akajitwika ndoo, akatoka langoni. Papo hapo akasikia kengele ya shule, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa, ikilia kwa mbali.

Alikuwa wa mwisho, na alijua. Lakini kamba ya lango ilihitaji mikono miwili, na mikono yake miwili ilikuwa imeshika ndoo. Kufunga kulimaanisha kutua ndoo, kufunga, kisha kujitwika tena peke yake bila mtu wa kumsaidia. Aliligusa lango kwa mguu likasogea kidogo. "Atakuja mtu sasa hivi atafunga," alijiambia, akaenda zake.

Mtu hakuja. Walikuja ndama.

Mdogo wake Nailantei, Leboo, alikuwa akiwapeleka kwenye birika la chini. Kiangazi kilikuwa kikali na ndama walikuwa na kiu. Waliponusa maji mabichi juu ya sakafu ya zege, na lango liko wazi, waliingia wote kwa fujo. Leboo alipiga kelele, akapiga mluzi, akawakimbiza huku na huku mpaka wakatoka, lakini wakatokea ubavuni, wakaangusha ua upande mmoja na kuacha samadi kila mahali.

Mchana kijiji kizima kilikuwa na habari moja. Mzee Sadala, mjumbe wa kamati na fundi aliyetengeneza lile lango kwa mikono yake, alisimama mbele ya duka akitikisa kichwa.

"Wamefungua makusudi," alisema. "Kamba ile niliiweka mimi mwenyewe. Ndama ana vidole? Wametuchoka hawa, wanataka kisima kiwe chao."

Mwanaidi alikuwa amesimama pale na chupa ya mafuta ya taa. Neno lilimfika ulimini, akalimeza. Alijiambia kwamba mama akirudi atamwambia. Alijiambia pia kwamba diwani akisikia mtoto wa mwenyekiti ndiye aliyeacha lango wazi, pampu ya shule itakwenda kijiji kingine. Akaenda nyumbani haraka.

Kesho yake asubuhi mpini wa pampu haukulia.

Mwanaidi alipofika, aliwakuta wanawake na wasichana wamesimama mbali na ua, ndoo tupu miguuni. Samadi ilikuwa imefagiwa yote. Ule upande ulioanguka ulikuwa umejengwa upya kwa miiba mibichi. Na katikati ya lango, kwenye ile kamba, kilikuwa kimefungwa kicha cha nyasi mbichi, kimekazwa vizuri kama kitu cha heshima.

"Kago!" mama mmoja alisema kwa sauti ya chini. "Wamelizindika lango."

Mtoto yeyote wa Kizigua analijua kago. Ni ile dawa ambayo mtu huifunga shambani ili mwizi akiingia tumbo limvimbe, au ashikwe na bumbuwazi asijue njia ya kutokea. Mzee Sadala alikuja, akaitazama ile nyasi kwa mbali huku mikono akiwa ameiweka nyuma, akatamka ya kwake: "Lisemwalo lipo. Jana wamevunja, leo wamefunga dawa. Mimi mkono wangu siutii pale."

Basi watu wakageuza ndoo zao wakaelekea lamboni. Mwanaidi naye akaenda. Aliporudi, Bibi Kudra alisifu uamuzi huo. Mwanaidi alipotaka kuyachemsha maji, bibi alikataa. "Tumeyanywa maji ya lambo tangu enzi za mkoloni na tuko hapa. Maji ya kuchemsha hayana ladha. Mpe mtoto anywe."

Awadhi akanywa, tena akaomba kikombe kingine.

Jumatano watoto walianza kuharisha, huyu nyumba hii, yule nyumba ile. Jioni na Awadhi akaanza. Na kijiji, badala ya kuliogopa lambo, kikazidi kuliogopa lango. "Mnaona?" watu waliambizana. "Kago limeshika!"

Mwanaidi alikuwa mwepesi wa hisabati, na hesabu hii ilimsumbua. Awadhi hakuwa amekaribia lile lango hata siku moja.

Mama Mwanaisha alirudi Alhamisi na vipuri vyake kwenye kikapu. Hakuvitua. Alipomwona Awadhi amelegea, macho yameingia ndani, alimbeba mgongoni na kwenda naye zahanati mbio, Mwanaidi akimfuata nyuma na kikapu. Muuguzi Filomena, ambaye pia alikuwa katibu wa kamati ya maji, alikuwa na akina mama wengi mbele yake, kila mmoja na mtoto mapajani. Alimnywesha Awadhi maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko.

"Amekunywa maji ya wapi?" aliuliza.

"Ya lambo," Mwanaidi alijibu kwa shida.

"Wote hawa ni wa lambo. Sijapata hata mmoja wa kisima. Atapona, mama Mwanaisha, mmemuwahi. Lakini watu wakiendelea kunywa yale maji, wiki ijayo nitawalaza mpaka barazani."

Mwanaidi alitoka nje kwa sababu alihisi atalia. Chini ya dirisha la zahanati alimkuta Nailantei amekaa peke yake. Tangu Jumanne wasichana walikuwa wakimkwepa, na wengine walihamisha hata viti vyao darasani.

"Awadhi anaendeleaje?" Nailantei aliuliza.

"Anakunywa dawa."

Nailantei alichora chini kwa kijiti. "Zile nyasi nilifunga mimi. Mimi na Leboo tulifagia jioni ile, tukajenga ua, halafu mama akatuambia tufunge nyasi. Kwetu ukimkosea mtu unachukua nyasi mbichi. Ng'ombe anaishi kwa nyasi, na sisi tunaishi kwa ng'ombe. Ukimwonyesha mtu nyasi, unamwambia nisamehe, tuwe na amani. Hata baba akitaka kumchapa Leboo, Leboo aking'oa nyasi, baba anaishusha fimbo."

Mwanaidi alimkodolea macho. "Kwa nini hukusema?"

"Nilimwambia nani? Watu wakiniona wanakimbia. Baba atasema kesho kwenye kamati. Lakini amesema wasipomwamini, tutahama kwenda kwa wajomba zetu, mbali huko nyikani. Huko hakuna shule karibu." Akakivunja kile kijiti. "Leboo anaapa alilikuta lango wazi. Nani atamwamini Leboo?"

Mwanaidi alijua kabisa nani angeweza kumwamini Leboo. Aliinuka, akarudi ndani kwa mama yake. Usiku ule mama alikesha na Awadhi zahanati, na Mwanaidi alilala karibu na bibi bila usingizi, akiwa na neno lake.

Ijumaa baada ya swala, darasa la sita liligeuzwa ukumbi. Wajumbe wa kamati walikaa mbele kwenye madawati, wanakijiji walijaa nyuma na madirishani. Diwani Mdoe alikaa pembeni, kofia magotini. Wanafunzi walibanana karibu na mlango, Mwanaidi akiwa miongoni mwao. Mama yake alikuwa na macho mekundu ya kukesha, lakini sauti yake ilikuwa tulivu alipoweka spana mezani.

"Tuna jambo moja tu leo," alisema. "Kila mtu atasikilizwa. Asiye na spana, asikilize."

Mzee Sadala aliichukua kwanza. Alisema ya lango, ya ua, ya nyasi na ya watoto wanaoumwa. Hakutukana mtu, lakini kila neno lilielekea upande mmoja. Alipomaliza, wengi nyuma waliitikia kwa kichwa.

Mzee Loishiye alisimama, mrefu, shuka lake jekundu likining'inia begani. Alieleza habari ya nyasi kama Nailantei alivyoieleza. Alieleza polepole kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno. "Wanangu walikuja kuomba radhi kwa kosa la ndama wetu. Ninyi mmeona uchawi. Siwalaumu, maana hamkujua. Lakini sasa nimewaambia."

Muuguzi Filomena naye akasema ya lambo, na darasa likaanza kunong'ona. Baadhi ya akina mama walitazamana kwa aibu.

Mzee Sadala aliomba spana tena. "Ya nyasi nimeelewa," alisema. "Na ya lambo nimeelewa. Lakini nani alifungua lango? Hapo sijajibiwa."

"Mwanangu alilikuta wazi," alisema Mzee Loishiye.

"Mtoto akivunja chungu, chungu huanguka chenyewe," Mzee Sadala alijibu, na watu wakacheka.

Mzee Loishiye hakucheka. Aliichukua spana mkononi mwa mwenzake, akaiweka mezani taratibu, mbele ya mwenyekiti. "Mama Mwanaisha, tumefanya kazi vizuri mimi na wewe. Lakini kama neno la mtoto wangu si neno, basi hata langu si neno, na hapa sina kazi." Akachukua fimbo yake. Watu wakaanza kumpisha njia. Diwani aliinamisha kichwa, na Mwanaidi akaona wazi kwamba kamati inavunjika mbele ya macho yake, pampu ya shule inakwenda, na kiti cha Nailantei kinabaki kitupu.

Hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika mezani. Alikumbuka tu uzito wa spana, maana aliishika kwa mikono miwili na bado ilimlemea.

"Leboo anasema kweli," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. Akajaribu tena. "Lango niliacha wazi mimi. Jumatatu. Nilikuwa wa mwisho, nimejitwika ndoo, kengele ikalia, nikaona uvivu kutua. Nikasema atakuja mtu. Halafu nikaogopa. Niliwasikia mkiwasingizia nikanyamaza. Na maji ya lambo aliyokunywa Awadhi, niliyachota mimi."

Hapo machozi yalimshinda. Mwanaidi hakuthubutu kumtazama mama yake.

Aliyesogea alikuwa Mzee Sadala. Aliipokea spana mikononi mwa Mwanaidi, akaishika muda mrefu kuliko ilivyokuwa kawaida yake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema, "na huyu mtoto kayatoa maradhi hadharani. Sasa zamu yangu. Mimi, mzee mzima na mvi zangu, nimekimbia nyasi nikawanywesha wajukuu zangu tope. Na nimemsingizia mtoto wa mwenzangu. Bwana Loishiye, ningekuwa na nyasi hapa ningekupa. Kaa, ndugu yangu. Tafadhali kaa."

Mzee Loishiye alikuwa bado mlangoni. Alimtazama Mzee Sadala, akamtazama Mwanaidi, kisha akarudi akakaa mahali pake, na dirishani mtu akapiga kigelegele.

Mama Mwanaisha alishika spana wa mwisho. "Nazungumza kama mwenyekiti kwanza," alisema. "Mwanaidi amekosa. Atalinda lango kila asubuhi mpaka mvua zitakapokuja, na atawafungia na kuwafungulia wote, watu wa huku na watu wa ng'ambo. Lakini na kamati imekosa. Tumeweka kamba inayotaka mikono miwili, hali tunajua mikono ya mteka maji iko kwenye ndoo. Nani hapa hajawahi kuliacha lango lile wazi akaondoka?"

Hakuna aliyeinua mkono. Wengine walitazama dari kana kwamba kuna mjusi wa kuvutia.

"Nitalibadilisha," Mzee Sadala alisema bila spana, na safari hii hakuna aliyemkemea. "Nitalifungia jiwe kwa kamba, lining'inie nyuma ya nguzo. Ukisukuma utapita, ukishapita jiwe litalivuta lenyewe."

Ndipo diwani Mdoe aliposimama na kuomba spana, akashangaa uzito wake, watu wakacheka. "Nilikuja kutafuta kijiji kisicho na ugomvi," alisema. "Kijiji hicho hakipo. Nilichokiona leo ni kijiji kinachojua kuumaliza. Halmashauri inaweza kununua pampu, ndugu zangu, lakini haiwezi kununua watu wa kukaa namna hii. Hayo ndiyo nitakayoyasema Handeni."

Watu walipotawanyika, Mwanaidi alizunguka nyuma ya darasa, akainama, akang'oa mabua machache ya kijani yaliyoponyoka kiangazi karibu na mfereji wa maji machafu. Alimkuta Nailantei na Leboo wakimsubiri baba yao. Akanyoosha mkono.

Nailantei aliyachunguza yale majani. "Hizi si nyasi. Ni magugu."

"Ndizo nilizozipata."

"Ng'ombe hali haya hata kwa njaa." Kisha Nailantei akayapokea kwa mikono yote miwili, akatabasamu. "Lakini mimi nimepokea."

Njiani kurudi nyumbani mama na binti walitembea bega kwa bega mpaka walipokaribia nyumba yao. Mwanaidi alikuwa akingojea kuchapwa kwa maneno.

"Sasa nazungumza kama mama yako," Mama Mwanaisha alisema. "Nimeumia, na nimejivunia wewe, vyote kwa siku moja. Uliniuliza kama lango nalo lina mazungumzo. Umeona mwenyewe. Kamati si watu wasiokosea. Ni watu wanaokubali kukaa mahali pamoja mpaka ukweli upatikane, aliyekosa akiri, na wa kusamehe asamehe. Lakini sisi hatuna macho ya kuona kila lango, Mwanaidi. Kazi yetu yote inasimama juu ya ukweli wa mtu mmoja mmoja. Wewe ukinyamaza, sisi sote tunakuwa vipofu, na anayeumia ni mtoto asiye na kosa. Ukweli ukiuchelewesha, mzigo wake unaongezeka. Useme mapema, ukiwa bado ndoo, kabla haujawa pipa."

"Nimesikia, mama," Mwanaidi alisema. Na kwa kweli alikuwa amesikia. Mlangoni Bibi Kudra alikuwa amempakata Awadhi, ambaye alikuwa ameruhusiwa zahanati asubuhi na sasa alidai uji kwa sauti ya mtu aliyepona. Juu ya mafiga, sufuria ya maji ilikuwa inatokota, na bibi alijifanya hakuiweka yeye.

Mwanaidi alilinda lango mpaka mvua za vuli zilipoanguka. Baada ya mvua, lori la halmashauri lilikuja likiwa na mabomba na mafundi. Kijiji kizima kilichangia mawe na mchanga, Wamasai wakileta kwa punda na Wazigua kwa vichwa, na pampu ya pili ikasimama pembeni ya shule. Ua wake ulikuwa na lango lenye jiwe la kulivuta tangu siku ya kwanza. Mwanaidi akawa anakaa kitini kabla mwalimu hajaandika tarehe ubaoni, yeye na Nailantei, na walisikia mpini ukilia nje, kwii-kwa, kwii-kwa, na lango likijifunga lenyewe kila mtu alipotoka.

Kwenye nguzo ya lango hilo kilifungwa kicha cha nyasi mbichi, nyasi za kweli safari hii. Hakuna aliyekiogopa. Na kila nyasi zilipokauka, aliyekuja kufunga nyingine alikuwa Mzee Sadala.